Kufyatua eabegi kabla gari halijaenda skrepa: mwongozo kamili kwa fundi na mwenye yadi

Katika kibanda kimoja cha spea pale Gerezani, Dar es Salaam, niliwahi kumkuta kijana amekalia usukani. Usukani umelazwa chini, nembo imetazama sakafu, yeye juu yake na kikombe cha chai. Nikamwuliza kama eabegi iliyomo imeshafyatuka. Akacheka: "Mzee, gari lenyewe lilishakufa zamani."

Gari lilikufa kweli. Eabegi haikuwa na habari. Injini ikigoma, giaboksi ikifa, bodi ikioza mpaka sakafu itoboke, ile kapsuli iliyomo kwenye usukani inabaki inasubiri umeme kidogo au joto. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifyatua kwa makusudi, ikiwa bado mahali pake ndani ya gari na wewe ukiwa mbali, kabla gari halijafika kwa mkata chuma.

Unachoshughulika nacho

Eabegi ni mfuko wa nailoni uliokunjwa, mtungi wa chuma wenye dawa ya kutoa gesi, na kiwashio. Kiwashio ni kapsuli ndogo yenye uzi mwembamba ndani, ukinzani wake kama omu 2. Umeme wa ampea moja na ushee, kwa milisekunde mbili tu, unatosha kuichoma. Dawa inawaka, gesi inatoka, na mfuko wa dereva wenye ujazo wa lita 60 hivi umejaa ndani ya milisekunde 30 au 40, kabla hujamaliza kupepesa jicho. Mlio wake, ukiwa ndani ya gari, hupita desibeli 150. Mfuko wa abiria ni mkubwa zaidi.

Dawa zinatofautiana. Magari mengi ya miaka ya 1990 yalitumia sodiamu azidi, ambayo ni sumu kali. Ikikutana na tindikali ya betri hutoa gesi ya hatari. Ndiyo maana mtungi wa zamani haupasuliwi kwa nyundo wala hauchomwi na moto uwanjani. Magari ya baadaye yalihamia kwenye dawa nyingine, kama guanidini nitrati. Eabegi za pazia, zile zinazokaa juu ya vioo vya pembeni, mara nyingi zina mtungi mrefu mwembamba wa gesi iliyoshindiliwa, umejificha nyuma ya bitana ya paa au ndani ya nguzo ya nyuma. Ukiuona utadhani ni bomba la kawaida. Mkata chuma akiupitishia moto wa gesi, unapasuka mbele ya uso wake.

Halafu kuna Takata. Kampuni hii ya Japani ilitumia amonia nitrati, na katika mitungi mingi haikuweka dawa ya kunyonya unyevu. Joto na unyevunyevu wa miaka mingi huiharibu hiyo dawa, nayo siku ya kuwaka huwaka kwa kasi kupita kiasi. Mtungi unapasuka na kurusha vipande vya chuma. Mamilioni kwa mamilioni ya magari ya kampuni nyingi yaliitwa kurudi, na Takata yenyewe iliomba kufilisiwa Juni 2017. Sasa fikiria hali ya hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja. Joto na unyevu tunavyo mwaka mzima. Kabla hujagusa gari lolote, ingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya kampuni iliyolitengeneza uone kama liko kwenye orodha. Kwa gari lililouzwa kwanza Japani, tafuta kwenye tovuti yao ya Kijapani, maana ile ya Marekani hailitambui. Likiwa kwenye orodha, wasiliana kwanza na wakala wa kampuni. Na usikubali kuuza eabegi yake kama spea, hata mteja akipanda bei.

Jambo hili Wajapani wamelipangia sheria. Tangu Januari 2005, gari linalokwisha maisha kule lazima eabegi zake zitolewe au zifyatuliwe humo humo ndani, na mwenye gari huwa ameshalipia ada ya kazi hiyo. Gari likipakiwa melini kuja kwetu, ada ile inaweza kudaiwa na kurudishwa kwa aliyelisafirisha. Kazi ndiyo inayokuja kwetu.

Hesabu kabla ya spana

Makosa mengi huanzia hapa. Fundi anafyatua ya usukani na ya dashibodi, anafuta mikono, anasema gari ni salama. Kumbe limebakiza nne.

Chukua chaki na kipande cha karatasi. Zunguka gari ukitafuta maandishi ya SRS au AIRBAG: kwenye usukani, juu ya dashibodi upande wa abiria, pembeni mwa viti vya mbele, juu ya nguzo za milango, chini ya dashibodi kwenye magoti. Kila unapoyaona, piga chaki kwa nje ya gari mahali hapo. Kisha ongeza vikaza mkanda, vile vinavyouvuta mkanda wa kiti wakati wa ajali, ambavyo havina maandishi makubwa: ama viko chini ya nguzo ya kati kwenye gurudumu la mkanda, ama kwenye kishikio kando ya kiti. Navyo vina baruti. Magari mapya, hasa ya Ulaya, yanaweza kuwa na kapsuli ya kuinua boneti na nyingine kwenye waya wa betri.

Ishara yako kuu ni rangi ya njano. Soketi za mfumo huu, na mara nyingi waya zake, huwa za njano. Hesabu soketi zinazoingia kwenye kila eabegi na kila kikaza mkanda, na angalia kila moja ina waya ngapi. Waya mbili ni kiwashio kimoja. Ukikuta usukani una soketi mbili, au soketi moja ya waya nne, hiyo ni eabegi ya hatua mbili: viwashio viwili, na vyote viwili lazima vifyatuliwe. Andika kwenye karatasi idadi ya viwashio, si idadi ya mifuko.

Gari lililopata ajali lichunguze hivyo hivyo. Mfuko wa dereva kuning'inia nje hakuthibitishi kitu kuhusu zile za pembeni, na kwa eabegi ya hatua mbili haithibitishi hata kwamba hatua ya pili iliwaka. Hesabu kama vile hakuna kilichofyatuka.

Uwanja, vifaa na watu

Tafuta mahali pa wazi, pasipo nyasi kavu, mbali na nyumba na barabara. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinataka mtu akae angalau mita 10 kutoka kwenye gari. Mimi natumia waya wa mita 20, na kwa gari ninalolitilia shaka naongeza. Usifanye kazi hii ndani ya gereji yenye paa la bati. Mwambie mjumbe na majirani mapema, na kituo cha polisi kilicho karibu ukiweza. Mlio unafanana na risasi, na hutaki kumaliza siku ukijieleza.

Unahitaji betri nzuri ya volti 12 iliyojaa chaji, waya wa nyuzi mbili wa milimita za mraba 1.5 au zaidi, taa ndogo ya volti 12 ya kupimia, tepu, koleo la kukatia, glovu za ngozi, miwani ya kazi, vizibio vya masikio, barakoa, na mtungi wa kuzimia moto. Malitimita iache nyumbani. Nasema hivi kwa sababu kila fundi umeme mkono unamwasha kupima ukinzani wa kiwashio aone kama ni kizima. Mita hupima ukinzani kwa kupitisha umeme. Usipime kiwashio kamwe.

Watu wawili wanatosha: mmoja wa kazi, mmoja wa kuangalia watoto, wapita njia na mbuzi. Simu za kupiga picha zikae mbali pamoja na wenye nazo.

Kuliandaa gari

Kwanza ondoa petroli au dizeli yote kwenye tangi. Mtungi wa eabegi iliyofyatuka huwa wa moto sana, na mvuke wa petroli hauna subira. Ondoa pia kila kitu kilicholegea ndani: chupa, spana, jeki, pambo la dashibodi. Kila kimoja kinaweza kurushwa.

Vua pete na saa. Fungua betri ya gari, ncha hasi kwanza, kisha chanya, halafu itoe kabisa. Usiguse soketi bado. Kompyuta ya eabegi ina akiba ya umeme ndani yake, iliyowekwa ili eabegi ifyatuke hata betri ikikatika wakati wa ajali. Toyota husema subiri sekunde 90, kampuni nyingine husema dakika tatu. Subiri dakika 10, unywe maji.

Kioo cha mbele kihesabu kimekufa. Eabegi ya abiria hufunguka kuelekea juu na mara nyingi hukipasua. Nimeona watu wanakitoa kwanza ili wakiuze, wakiwa wameinamia dashibodi yenye eabegi hai kwa nusu saa nzima.

Kuunganisha waya

Nyosha waya wako kutoka kwenye gari hadi utakaposimama. Kabla hujaugusisha na kitu chochote, ujaribu: funga taa ndogo upande wa gari, gusisha betri upande wako. Taa iwake kwa nguvu. Ondoa taa, ondoa betri, kisha sokota ncha mbili za upande wa betri pamoja na uzifunge tepu. Zikae zimesokotwa mpaka dakika ya mwisho. Zikiwa pamoja, umeme tuli au mkono wa mtu mwingine hauwezi kuleta tofauti ya volti kwenye kiwashio.

Sasa soketi. Ukiichomoa soketi ya njano na kuitazama kwa karibu, upande wa eabegi, katika modeli nyingi utaona kibanio chembamba cha shaba kinachoruka na kugusisha pini mbili. Ni ulinzi wa kiwanda: soketi ikitoka, kiwashio kinajifunga chenyewe. Kwa sababu hiyo, ukichomeka waya wako kwenye pini huku kibanio kikiwa kimeshuka, umeme utapita kwenye kibanio na kiwashio hakitawaka. Wengi hapo husema "hii imekufa" na kuitupa kwenye rundo ikiwa hai.

Njia ya uhakika ni kuacha soketi imechomekwa kwenye eabegi na kukata waya za gari sentimita 20 kutoka kwenye soketi, upande wa kompyuta. Kata waya moja, kisha ya pili, chuna ncha, na uzisokote pamoja papo hapo. Ukiwa tayari kuunganisha, fungua msokoto, funga kila waya na mwenzake wa kwako, zungushia tepu kila kiungo pekee ili visigusane. Chanya na hasi hazina maana hapa, kiwashio hakijali.

Kwa usukani usiuvunje wala usiutoe. Chini ya kava la nguzo ya usukani kuna soketi ya njano inayotoka kwenye waya wa kujiviringa, kata hapo. Fanya kazi ukiwa umekaa pembeni, mlango wazi, kichwa na kifua visiwe mbele ya usukani. Ya abiria, soketi yake hufikiwa ukishafungua kisanduku cha dashibodi. Ingiza mkono kutoka chini, uso uwe kando ya mlango. Ya kiti, tafuta soketi chini ya kiti. Pazia na vikaza mkanda hufikiwa kwa kung'oa kava za nguzo. Usikae ndani ya upana ambao pazia litashuka.

Kuna kanuni moja ya watu ninayoisimamia kuliko zote: anayeunganisha kwenye gari ndiye anayebeba mfukoni kiunganishi cha betri, yaani kile cha kuungia waya na betri. Bila kiunganishi hicho betri haiungwi, na yeye akiwa ndani ya gari hakuna wa kukosea. Akitoka, anarudi nacho mwenyewe.

Kufyatua

Fyatua kimoja kimoja. Najua inachosha, na kuna wanaofunga vyote pamoja wapate mshindo mmoja. Mshindo mmoja hauhesabiki. Vitano vikiwaka na cha sita kikagoma, utajuaje?

Funga milango na vioo vyote vya gari, waya upite kwenye upenyo wa mlango bila kubanwa mpaka kukatika. Mkanda wa kiti uache umerudi wenyewe mahali pake. Tembea hadi kwenye betri, hakikisha hakuna mtu ndani ya duara lako, vaa vizibio vya masikio. Paza sauti: "Nafyatua!" Hesabu tatu kwa sauti. Fungua msokoto, gusisha ncha kwenye betri kwa kile kiunganishi.

Utasikia pah, kavu na fupi, gari litatikisika kidogo na moshi mweupe utajaa ndani. Hatua ya pili ya eabegi, mfuko ukiwa umeshatoka, hulia vivyo hivyo lakini mfuko hautajaa kama mwanzo. Kikaza mkanda hutoa mlio mdogo, kama fataki iliyofunikwa na sufuria, na mkanda au kishikio hushuka kwa sentimita kadhaa. Ukisikia, piga alama kwenye karatasi.

Ondoa waya kwenye betri, sokota ncha, tia kiunganishi mfukoni. Subiri. Mtungi unaunguza kwa muda mrefu. Toyota hutaka ukae angalau dakika 30 kabla ya kuugusa. Mimi hufungua milango baada ya dakika 10 kwa kunyoosha mkono kutoka pembeni, vumbi litoke, halafu narudi kivulini mpaka nusu saa itimie. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu wakati wote. Usimwagie maji eabegi iliyofyatuka ili ipoe.

Mwenye pumu asiwe kwenye kazi hii. Vumbi lile jeupe ni mchanganyiko wa unga wa kulainishia mfuko na mabaki ya dawa. Linawasha macho, koo na ngozi yenye jasho. Na jasho halikosekani.

Ikigoma

Umegusisha betri, kimya. Toa waya kwenye betri, sokota ncha, subiri nusu saa ukiwa mbali ulipo. Usikimbilie gari. Baada ya hapo nenda na kiunganishi mfukoni, tenganisha waya wako na eabegi, sokota waya za eabegi pamoja, kisha ujaribu waya wako peke yake kwa taa. Mara nyingi tatizo ni kiungo kilicholegea, waya uliobanwa na mlango, au betri dhaifu. Rekebisha, jaribu tena.

Ikigoma mara ya pili na waya ni mzima, iache. Usiigonge, usiifungue, usiitie moto. Izungushie rangi nyekundu, gari lisikatwe upande huo, na wasiliana na wakala wa kampuni iliyotengeneza gari. NEMC kwa Tanzania na NEMA kwa Kenya ndio wenye mamlaka ya taka hatarishi. Waulize ni nani mwenye kibali cha kupokea kitu hicho. Na kama imelazimu kuitoa na kuiweka mahali, ilazwe na upande wa mfuko ukitazama juu, pasiwe na kitu juu yake. Ikilala kifudifudi na kufyatuka, chuma kizima kinaruka. Yule kijana wa Gerezani alikuwa amekalia kiti cha kurushia watu.

Chombo cha kisasa

Yadi kubwa za Ulaya na Japani hazikati waya moja moja. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 26021, kinachowezesha kuchomeka chombo kwenye soketi ya uchunguzi ya gari na kuiamuru kompyuta yenyewe ifyatue kila kitu kwa mpangilio. Ni kizuri kwa magari yaliyotengenezwa kukikubali, na kompyuta lazima iwe nzima. Magari tunayokata kwetu mengi ni ya kabla ya hapo. Yadi inayokata magari mapya ya ajali kila wiki ikifikirie.

Baada ya mshindo wa mwisho

Vaa glovu, barakoa na miwani, kata mifuko ya nailoni, itie kwenye mfuko wa plastiki mzito na uufunge. Mitungi iliyopoa ni chuma sasa, inaweza kwenda kwenye mizani pamoja na bodi. Osha mikono na uso kwa maji mengi, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Kisha linganisha karatasi. Viwashio ulivyoandika mwanzo na milio uliyopigia alama viwe sawa, namba kwa namba. Zisipolingana, rudi kwenye chaki zako, anza na upande wenye soketi ambayo hukuikata. Gari halitoki uwanjani. Kwenye tanuru za kuyeyushia nondo, mtungi hai uliojificha kwenye kipande cha nguzo unaweza kurusha chuma cha moto juu ya watu ambao hawajui hata gari lilikuwa la nani.

Zikilingana, andika kwa rangi ya kupulizia kwenye paa na kwenye mlango wa dereva, kwa tarakimu kubwa: 6/6, au kiasi chochote ulichopata, pamoja na tarehe. Wapima skrepa ninaofanya nao kazi wameshazoea. Gari likishushwa kwenye lori, kabla hata ya kuuliza kilo, wanatazama mlango.